Amina Niliyoitikia

Swali lenyewe lilikuwa la mabati.

Mkutano mkuu wa usharika, Jumapili baada ya ibada ya pili, jua la saa saba, feni mbili zinazunguka na ya tatu imekufa tangu Pasaka. Taarifa ya ujenzi ilikuwa imeshasomwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga kabrasha lake. Ndipo binti mmoja wa kwaya akanyoosha mkono.

Binti huyu ana duka la vifaa vya ujenzi, mabati anayajua kwa vidole. Akapokea maikrofoni, akawaamkia wazee, akaishukuru kamati kwa kazi, kisha akasema: taarifa inasema tumenunua mabati ya geji 28, lakini vipande vilivyobaki kule nyuma ya ofisi ni vya geji 30, na bei ya 28 na ya 30 si moja, maana geji ni unene wa bati, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Akaomba kueleweshwa.

Basi. Hakumtaja mtu, wala hakutamka neno wizi.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. Ni mtu ninayemheshimu, na kumheshimu sijaacha. Habari ya geji hakuigusa. Alitazama dari, akatutazama sisi, akasema, "Wapendwa, tukeshe. Roho ya Kora imeingia usharikani."

Ukumbi ukaitikia amina.

Nami nikaitikia.

Zimepita wiki saba. Mengi ya siku ile nimeshayasahau, hata kiasi cha ahadi yangu mwenyewe (mhazini hunikumbusha). Ila amina ile imenikwama kooni kama mwiba wa samaki: nikimeza mate naisikia.

## Miguu juu ya mabenchi

Nimefundisha shule ya Jumapili kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Sura ya 16 ya kitabu cha Hesabu katika Biblia, pale Kora anapomwasi Musa jangwani na ardhi inammeza, ni somo ambalo hakuna mtoto anayelisinzia. Nilikuwa na mtindo wangu: nikifika pale ardhi inapofunua kinywa, napiga mguu sakafuni kwa nguvu, vumbi linatimka, watoto wanapiga kelele na kupandisha miguu juu ya mabenchi wasije wakamezwa. Kisha nauliza, "Kora alimezwa kwa nini?" Nao wanajibu kwa pamoja, "Kwa sababu alimbishia mtumishi!"

Jibu hilo niliwapa mimi.

Na binti wa mabati alikuwa mmoja wa watoto wale. Benchi la pili, upande wa dirisha, soksi nyeupe. Kwa hiyo mzee alipotamka jina la Kora, hakuwa na haja ya kumfafanulia. Nilishamfafanulia miaka mingi kabla. Nilimwona akirudisha maikrofoni kwa mikono miwili, akaketi, na sitasema kwamba alipandisha miguu juu ya benchi, lakini aliikunja chini ya kiti.

## Kora wa viti vya mbele

Usiku ule nilifungua Hesabu nikitafuta, niseme kweli, kitu cha kuitetea amina yangu. Nilidhani nitakipata upesi.

Cha kwanza nilichokuta ni kwamba Kora hakuwa mtu wa nyuma. Alikuwa Mlawi wa ukoo wa Kohathi. Baba yake, Ishari, na baba yake Musa, Amramu, walikuwa ndugu. Yaani Kora na Musa ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Watu 250 waliomfuata walikuwa wakuu wa mkutano, watu wenye sifa. Kwetu hao wangekaa viti vya mbele, vile vinavyofunikwa vitambaa, na wasingengoja kupewa maikrofoni.

Ugomvi wao ulikuwa wa cheo. Musa anawauliza: ni jambo dogo kwenu kukaribishwa kutumika maskanini, hema ya ibada, hata mnataka na ukuhani pia? Maneno ya Kora, lakini, yalikuwa mazuri. Mkutano wote ni mtakatifu, alisema, kila mmoja wao. Na si uongo. Kule Sinai Mungu mwenyewe alisema watakuwa ufalme wa makuhani na taifa takatifu. Kora aliichukua kweli hiyo akaiegemeza ukutani, apande nayo. Dathani na Abiramu ndio waliopita kipimo: waliitwa, wakakataa kuja, na wakaiita Misri nchi imiminikayo maziwa na asali. Misri! Nchi iliyotupa watoto wa kiume wa taifa lao mtoni.

Ila aliyenisimamisha ni Musa. Alipotuhumiwa, kwanza alianguka kifudifudi. Baadaye hasira zikampanda, na akiwa katika hasira zile alimwambia Mungu kwamba hakutwaa hata punda mmoja kutoka kwao, wala hakumdhuru hata mmoja wao.

Punda mmoja.

Mbele ya waasi hasa, watu ambao ardhi ilikuwa inawasubiri, Musa bado alitoa hesabu ya punda. Na kesho yake, watu walewale walipomgeukia tena na tauni ikaanza kuwafyeka, Haruni, ambaye ndiye ukuhani wake uliotakwa kunyang'anywa, alichukua chetezo akakimbia akasimama kati ya waliokufa na walio hai. Alikimbia kwa ajili ya watu waliomtukana jana.

Sisi tuliulizwa geji.

## Kulabu za nguzo

Hapo nikakumbuka sura ambayo kila mwaka ninaposoma Biblia nzima huwa naipita mbio, Kutoka 38. Maskani imejengwa kwa michango. Michango yenyewe ilizidi mpaka Musa akapiga mbiu watu wasilete tena, habari ambayo mhazini yeyote akiisoma lazima acheke peke yake. Halafu inakuja taarifa. Imehesabiwa kwa amri ya Musa, mkononi mwa Ithamari mwana wa Haruni: dhahabu talanta 29 na shekeli 730, fedha talanta 100 na shekeli 1,775, shaba talanta 70 na shekeli 2,400. Zile talanta 100 za fedha (talanta na shekeli ni vipimo vya uzito) zilitengenezwa vitako 100, vile vya kusimamishia maskani, kitako kimoja talanta moja. Zile shekeli 1,775 zilizobaki zilikwenda kwenye kulabu za nguzo na kupamba vichwa vyake.

Kulabu!

Watu wanaishi kwenye mahema, kesho wingu likiinuka wanahama, na bado kuna mtu ameketi anaandika kulabu. Nilisoma sura ile mara tatu nikitafuta nani aliuliza. Hakuna. Taarifa ilitangulia swali.

Sasa, nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kuna mtu wetu amekula fedha. Inawezekana karani alikosea tarakimu. Inawezekana kamati ina jibu safi kabisa, na lingetolewa pale pale tungekula pilau yetu tukaenda nyumbani. Kinachonisumbua ni kwamba tulimpa binti jina kabla hatujampa jibu.

## "Umesahau dengu"

Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu. Jioni nyingi tunakaa barazani kwake, kahawa na kashata, tunasema habari za mvua na za mpira. Siku moja nikamletea hii. Nikaanzia Hesabu 11, wale watu wanavyolilia samaki wa bure wa Misri, na matango, na matikiti, na mboga, na vitunguu, na vitunguu saumu.

"Umesahau dengu," akanikatiza.

Ni kweli, katika Qurani, sura ya Baqara aya ya 61, orodha ile ina dengu pia. Tukacheka sana. Mateso yote yale ya tofali na viboko, kumbukumbu imebakiza mboga tu! Nasi tuna namna hiyo; mchungaji aliyetutesa miaka sita akishahamishwa, mwaka wa pili tunamsimulia kama malaika.

Kisha akataka kujua binti alisema nini hasa. Nikamweleza. Akazungusha kikombe chake, akakaa kimya kidogo. "Kuna aya ya Maida," akasema, "wanamwambia Nabii Musa, nenda wewe na Mola wako mkapigane, sisi tutakaa hapa hapa. Sasa mwalimu, huyo binti yako alikaa, au alisimama?"

Nilijifanya naangalia kashata.

Maana nilikuwa nimeshafika Kadeshi, mpakani mwa nchi ya ahadi, katika kusoma kwangu, na Kadeshi nilikuwa naizunguka. Kutoka Horebu mpaka pale, Kumbukumbu la Torati inasema, ni safari ya siku 11. Wapelelezi wamezunguka siku 40, wamerudi na kichala cha zabibu kinachobebwa na watu wawili kwa mti, na kumi kati ya kumi na wawili wanasema tulijiona kama mapanzi. Usiku kucha watu wanalia. Yoshua na Kalebu, wale wapelelezi wawili waliobaki, wanararua nguo zao, wanasihi watu waingie. Ndipo neno linalonichoma: mkutano wote wakaamuru wapigwe kwa mawe.

Mkutano wote.

Maisha yangu yote nimeisoma sura hii nikiwa Kalebu. Wahubiri wote niliowasikia walikuwa Kalebu. Sijawahi kusikia mahubiri ya mtu aliyekuwa safu ya katikati usiku ule, mtu wa heshima zake, mwenye watoto, ambaye hakuokota jiwe lolote ila wenzake waliposema wapigwe, aliitikia. Hapo waasi walikuwa wengi na walikuwa na adabu ya kuitikia pamoja. Wawili waliosimama ndio walioonekana wakorofi.

Na Kalebu alitumikia adhabu ya wengine, miaka 40 ya jangwani. Alikuwa na miaka 40 alipotumwa. Alizunguka jangwa lile lile, akala mana ile ile, akawazika wale waliotaka kumpiga mawe, mmoja mmoja. Alipofika miaka 85 ndipo akamwambia Yoshua: sasa nipe mlima huu. Nimejaribu kufikiri jioni zake za katikati, tuseme mwaka wa ishirini na mbili, amekaa mlangoni pa hema anatazama mchanga. Siwezi. Imani ya namna hiyo sijui hata niiiteje. Yangu huchoka taa ikikatika siku mbili.

## Hemani na mlangoni

Nieleze na nilichofanya baada ya mkutano, maana hapo ndipo aibu ilipo.

Nilikwenda nyumbani, nikafungua simu. Tuna kundi letu dogo la WhatsApp, watu wanne, marafiki wa zamani wa usharika. Juma zima tulichambua mabati. Mmoja alijua fundi ni shemeji ya nani. Mwingine alikumbuka habari ya saruji ya mwaka juzi. Mimi nilituma vikaragosi vya kucheka. Yaani yule binti aliuliza mara moja, mbele ya watu mia mbili, kwa shikamoo. Mimi niliitikia amina mbele za watu, kisha nikauliza swali lake mara hamsini gizani.

Musa, akiwakumbusha watu habari ya Kadeshi, alisema: mkanung'unika katika hema zenu.

Hema zenu. Nilipokutana na maneno hayo niliiweka simu kifudifudi mezani.

Usiku uleule nikafika Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti watano wa Selofehadi, baba yao amekufa bila mtoto wa kiume na jina lake linafutika katika urithi. Wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote. Na maneno yao ya kwanza, kabla ya kuomba chochote, ni kwamba baba yao hakuwamo katika mkutano wa Kora.

Walijua wataitwa nani. Wakaanza kwa kulifunga hilo dirisha.

Musa hakuwajibu papo hapo. Alipeleka neno lao mbele za Mungu, na jibu likarudi kwamba hao binti wamenena lililo haki, na sheria ikaongezwa kwa ajili yao. Si wao peke yao. Katika Hesabu 9 wako watu waliokuwa najisi kwa maiti siku ya Pasaka. Wakaja wakauliza mbona tunazuiwa sisi, wakapewa Pasaka ya pili, mwezi mmoja baadaye. Musa mwenyewe, katika sura ya 11, analalamika kwa ukali kuliko mtu yeyote aliyeteketezwa: anauliza kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa wote, na kama mambo ndiyo haya basi auawe. Akapewa wazee 70 wa kumsaidia mzigo.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa nimepata mizani nzuri: ya hemani ni uasi, ya mlangoni ni imani. Lakini Kora naye alikuja mlangoni. Alikuja mchana, na vyetezo 250. Nikaona ninaanza kusoma Biblia ili inikubalie tu, na nikaogopa, kwa sababu nimewaona watu waliotoka kwenye usharika kwa jina la ukweli, na baada ya miaka miwili walichokuwa wanakitafuta kikaonekana kwenye kibao cha kanisa lao jipya, picha na jina.

Kwa hiyo sina mizani. Nina hili tu: binti za Selofehadi waliomba kiwanja katika nchi ambayo wao hawajaikanyaga. Bado wako uwanda wa Moabu, Yordani haijavukwa, Yeriko imesimama, nao wanauliza sehemu yao itakuwa wapi. Asiyetarajia kufika haombi kiwanja. Na anayepanga kuondoka hahangaiki na geji ya paa.

## Enyi waasi

Yule mzee nimemfikiria sana pia. Alikuwapo tulipokuwa tunasali chini ya mwembe, mvua ikija tunabeba mikeka kichwani. Matofali ya kwanza alifyatua yeye. Labda aliposikia swali la bati alisikia miaka yake thelathini ikiulizwa.

Na Musa kule Meriba alikuwa amechoka. Hesabu 20 inaanza na kifo cha Miriamu, dada yake, huyo aliyemlinda kando ya mto akiwa kwenye kisafina. Amezikwa, na mstari unaofuata hakuna maji, watu wanapiga kelele. Hakuna aliyempa pole. Akasimama mbele ya mwamba akasema, sikilizeni sasa, enyi waasi. Akaupiga mara mbili ule mwamba alioambiwa auambie.

Maji yalitoka. Watu walikunywa na mifugo ikanywa.

Ila mistari michache mbele, Mungu akimwambia Musa kwa nini Haruni hataingia katika nchi ile, neno analolitumia ni hilo hilo: mliasi. Wewe na yeye, katika maji ya Meriba. Katika miaka yangu yote ya kufundisha nilikuwa sijaziweka aya hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

## Ayala

Vile vyetezo vya watu 250 havikutupwa. Eleazari alivikusanya vikafuliwa kuwa mabamba membamba ya kuifunika madhabahu. (Geji haikutajwa.) Na Hesabu 26, katikati ya sensa, kwenye idadi ya watu 601,730, kuna sentensi fupi ambayo sikuwahi kuwasomea watoto: lakini wana wa Kora hawakufa.

Jumapili mbili zilizopita kwaya iliimba Zaburi ya 42. Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji. Nilikuwa na Biblia wazi mapajani, na juu ya zaburi, kwa herufi ndogo, pameandikwa ni ya wana wa Kora. Nikainua macho. Binti alikuwa mahali pake, sauti ya pili, anaimba.

Jumatano nikaenda dukani kwake. Njiani nilikuwa nimetunga hotuba nzima, nikaanza na binti za Selofehadi nikamaliza na Meriba. Nilipofika nikaagiza kilo moja ya misumari ya bati, ambayo sina kazi nayo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akachota misumari kwa mkono, akaimimina kwenye mizani. Hotuba ikanipotea yote.

"Ile siku ya mkutano," nikasema, "niliitikia amina."

Hakuinua macho kutoka kwenye mizani. Akapunguza msumari mmoja, akaongeza miwili.

"Nilikusikia, mwalimu. Ulikuwa nyuma yangu."

Akaifunga misumari kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akanihesabia chenji.